Kisarawe Namba Mbili

"Babu, hivi ramu ina ladha gani?"

Raudha alikuwa na miaka tisa alipouliza hivyo, amekaa uani kwa babu yake Kisarawe, bakuli la pesheni katikati ya miguu, mikono imetapakaa mbegu mpaka kwenye viwiko. Mama yake, Hajra, aliyekuwa anakuna nazi pembeni yake, alimfinya paja kabla swali halijafika mwisho. Jirani mmoja aliyekuja kuomba chumvi alikuwa ameshapewa na ameshashukuru, lakini hakuondoka. Alibaki amesimama na chumvi yake kwenye kikaratasi, anasubiri jibu.

Mzee Pazi hakujibu. Alicheka kidogo, kicheko cha puani, akamwambia mjukuu wake akoroge jagi la juisi lililokuwa kando yake maana nanasi linatuama chini. Raudha akakoroga. Jirani naye akaona hapa hakuna kitu, akaenda zake.

Swali lenyewe halikuwa la utovu wa adabu. Asubuhi ile Raudha alikuwa amefungua kabati la vyombo akakuta kopo refu la chuma linalong'aa, lenye kifuniko juu ya kifuniko, akaambiwa linaitwa sheka, na kwamba babu yake alilitikisa hilo hotelini Dar es Salaam miaka ishirini na nne, akiwachanganyia wageni vinywaji vya matunda vyenye ramu ndani. Na ramu ni nini? Pombe ya miwa, ina rangi ya asali. Sasa mtoto anayeishi Sofu, Kibaha, anayekuja kwa babu yake wakati wa likizo tu, akisikia habari kama hiyo anyamaze vipi? Babu yake alikuwa mtu wa swala tano. Paji la uso wake lilikuwa na alama ya sijda. Vitu hivyo viwili vilikaaje ndani ya mtu mmoja?

Vilikaa hivi. Pazi alizaliwa Kisarawe na pengine angezeeka bila kwenda mbali kuliko Pugu, kama si mama yake kufariki yeye akiwa na miaka ishirini na moja. Nyumba ikawa kubwa mno kwake. Binamu yake akamchukua, akampeleka kwenye hoteli moja ya ufukweni, wakampa mpira wa kumwagilia bustani. Alimwagilia maua miezi minne. Meneja wa hoteli ile alikuwa amechoshwa na watu wake wa kaunta, waliokuwa wanakunywa kuliko wateja. Wa mwisho alikutwa amelala nyuma ya friji na kofia ya mteja kichwani. Basi meneja akapita bustanini akiuliza ni nani kati yao hanywi kabisa. Wenzake wote wakamnyooshea kidole Pazi, wakicheka. Kwao ulikuwa mzaha. Jumatatu iliyofuata akavishwa fulana nyeupe na tai ya kipepeo.

Hakuonja hata siku moja. Alijifunza kwa pua na kwa masikio. Raudha alipenda sana kumsikia akieleza hilo: kwamba barafu ndani ya sheka mwanzo inalia kama kokoto kwenye ndoo, na ikianza kulia kama mchanga unaomwagwa, kinywaji kimeiva. Kwamba ndimu ikizidi utaiona kwenye shingo ya mteja, si usoni, maana usoni watu wana adabu. Kwamba nanasi la dukani na nanasi la Kisarawe ukiyakata tu, moja linanukia kisu na lingine linanukia nanasi. Kila alipotoka likizo alirudi kazini na kiroba cha mananasi ya nyumbani, na kwa mananasi hayo, tui zito la nazi, pesheni, ndimu na ramu, akatengeneza kinywaji chake mwenyewe. Kiliandikwa kwenye orodha ya hoteli: Kisarawe Namba Mbili. Watu walimuuliza namba moja iko wapi. Aliwajibu kuwa namba moja ilimwagwa.

Kuna mama mmoja kutoka Ufini alirudi hotelini pale miaka sita mfululizo, na kila mwaka aliomba Kisarawe Namba Mbili kabla hajapewa ufunguo wa chumba. Mzee Pazi alipomtaja mama huyo alitabasamu mpaka macho yakapotea. Kisha macho yake yalikwenda kwenye msumari mmoja nje ya mlango wa uani, na tabasamu likaisha.

Maana nyumbani mambo yalikuwa mengine. Marehemu mke wake hakuwahi kumgombeza kwa kazi ile, ila fulana ya kaunta haikuingia ndani. Ilitundikwa kwenye msumari ule wa nje, na mwenyewe alinawa mpaka mabegani ndipo apewe mtoto kumbeba. Mtaani waliomheshimu walimwita Mzee Pazi, na waliobaki walimwita Pazi wa Kaunta. Msikitini hakuna aliyemsogelea kumwambia lolote. Lakini Ramadhani alipokaribisha watu futari, na akatengeneza kile kinywaji chake bila ramu, nanasi na tui na pesheni, wapo walioshukuru, wakachukua tende, wakanywa maji. Alikuwa ameshaacha kazi ile miaka mingi, amerudi kwenye mikorosho yake, na bado walikunywa maji. Wageni waliovuka bahari walikuwa wamekimaliza kinywaji chake mpaka barafu ya mwisho. Watu wake mwenyewe walikuwa hawajakionja.

Hilo lilimuuma, ingawa alilisema mara chache, tena kwa kuzunguka. Alichosema waziwazi ni kitu kingine: kinywaji chenyewe, bila ramu, kilikuwa na shimo.

"Ni juisi tu hii," alimwambia Raudha mwaka ule ule wa swali, akiinusa glasi. "Nzuri, lakini juisi. Kuna mtu hayupo humu ndani."

Basi likizo zao zikawa za kumtafuta huyo mtu asiyekuwepo. Raudha alikuwa na daftari la mistari lililobaki kurasa ishirini, akaandika humo yote waliyojaribu. Chai ya rangi iliyokolea: imekuwa chungu. Karafuu mbili: inanukia dawa ya jino. Ukwaju: babu kakunja uso. Vanila ya dukani: inanukia keki ya mtu mwingine. Mwaka hadi mwaka daftari likaendelea, mwandiko wa Raudha ukabadilika kutoka herufi kubwa kubwa za darasa la tatu mpaka mwandiko wa kidato cha tano, na safu ya majibu ikabaki ile ile: bado, bado, bado kabisa. Mama yake alisema hao wawili wanatafuta kazi. Lakini Raudha, akiwa Sofu kwenye kelele za bodaboda na maduka, alikuwa anafumba macho anaona ule ua, mbuzi ya kukunia nazi imelazwa ubavuni, babu yake anainua glasi kwenye mwanga kana kwamba pua yake inahitaji msaada wa macho.

Mwaka ambao Raudha alitimiza kumi na saba, mama yake mdogo, Mwanaamina, kitinda mimba wa Mzee Pazi, akachumbiwa. Mchumba aliitwa Sadick, mkulima na mfugaji wa Magindu, kijana mpole aliyekuwa akimwamkia kila mtu mpaka watoto. Tatizo halikuwa Sadick. Tatizo lilikuwa shangazi yake aliyemlea, Bi Swaumu, ambaye habari za Pazi wa Kaunta zilimfikia kabla hata ya posa. Marehemu mume wa Bi Swaumu alikuwa mlevi, tena wa kulala njiani. Bi Swaumu alisema hadharani kuwa nyumba iliyolishwa na pombe ataikubali kwa sababu kijana ameng'ang'ania, lakini ataingia humo macho yakiwa wazi.

Na ndiye aliyekuwa anakuja na begi. Huko kwao, wiki ya harusi, wanawake wa upande wa mume huleta begi la bibi harusi, lina khanga, madera, viatu, manukato, kila kitu, wanalibeba kichwani kwa nyimbo kutoka barabarani hadi sebuleni. Wakifika wanakaribishwa kinywaji kwanza. Wakishakunywa, begi linafunguliwa. Wasipokunywa, begi halifunguliwi, na begi ambalo halijafunguliwa linaweza kurudi lilikotoka.

Mwanaamina alitaka soda. Alimwambia baba yake kwa upole, akiwa ameshika mkono wake, kwamba kreti mbili za soda hazina maneno. Mzee Pazi akasikiliza, kisha naye akasema lake. Binti akisema soda, itakuwa soda, hatanuna. Lakini yeye amewachanganyia watu vinywaji vya harusi zao, vya siku zao za kuzaliwa, hata vya talaka zao, watu asiowajua majina. Anaoza binti wa mwisho. Angependa mara moja tu awape wakwe kitu cha mkono wake.

Mwanaamina aliutazama mkono wa baba yake aliokuwa bado ameushika. Hatimaye akamkubalia, ila akamwomba kisiwe na harufu yoyote ya ajabu. Akaahidiwa.

Sasa, siku mbili kabla ya begi, wanawake walikuwa uani wanafukiza nguo za bibi harusi. Chetezo kilikuwa chini, makaa ya vifuu vya nazi yamekolea, ubani na udi juu yake, na tenga limegubikwa hapo juu na khanga zimetandazwa. Mtu fulani alikuwa ameegemeza jagi la udongo karibu, mdomo ukitazama moshi. Raudha, aliyekuwa anahangaika na nanasi alilokwisha kulisaga na hana pa kulitia, akalinyakua jagi lile bila kulisuuza, akamimina.

Babu yake alipita, akainama kunusa kama kawaida yake. Hakuinuka. Alibaki ameinama, mkono mmoja kwenye goti, kisha akakaa taratibu juu ya ile mbuzi ya nazi. Raudha alidhani presha. Akamwuliza kama amletee maji.

"Umeliokota wapi jagi hili?" aliuliza mzee.

Raudha akaanza kuomba radhi kwa kutolisuuza. Mzee hakumsikiliza. Alikuwa ameshasimama anaagiza vitu: vifuu vingine, ubani, sukari guru, sufuria ndogo nzito. Sukari guru akaiunguza mpaka ikawa na rangi ya asali, akaizima kwa maji ya ndimu. Jagi akaligubika juu ya chetezo, akahesabu kimoyomoyo, akaligeuza, akamimina nanasi, pesheni, tui, ile sukari, akafunika kwa kitambaa. Walipofunua baada ya muda, alinusa mara moja tu.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Raudha, shimo limezibika."

Kwenye daftari Raudha akaandika neno moja, TAYARI, akalipigia mstari mara tatu. Katika furaha hiyo hakuna kati yao aliyekumbuka ahadi aliyopewa Mwanaamina.

Siku ya begi, Hiace mbili zilitoka Magindu asubuhi, zikashusha wanawake Kisarawe baada ya adhuhuri. Nyimbo zilianzia barabarani. Begi lilikuwa jekundu, kubwa, lina magurudumu ambayo hayakugusa chini hata kidogo. Bi Swaumu alitembea mbele, mwembamba, mrefu, amejifunga khanga mpya juu ya gauni, haimbi. Raudha akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akatazamwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Wageni wakakaa kwenye mikeka. Glasi zikapita kwenye sinia, za njano iliyokolea, zimetoka jasho la barafu. Mzee Pazi alikaa kule uani, maana sebule ilikuwa ya wanawake, lakini Raudha alijua kuwa nyuma ya pazia ameshikilia kiti.

Bi Swaumu aliinua glasi. Ilifika puani ikasimama. Akaishusha polepole mpaka mkekani.

Wengine wakamwona, nao glasi zao zikaishia njiani. Wimbo ukafa kwa waimbaji wa mwisho mwisho wasiojua kilichotokea.

"Mimi nimeishi na mlevi miaka kumi na tisa," Bi Swaumu alisema, wala hakupaza sauti. "Kila mtu ana anachokijua duniani. Mimi najua harufu. Humu ndani kuna kitu."

Hajra, mama yake Raudha, akaapa kuwa hakuna. Akajibiwa kwa heshima kuwa mtoto hawezi kuapia mikono ya baba yake. Bi Swaumu akawageukia wale wawili waliobeba begi, akawaambia wasimame. Chumbani, nyuma ya mlango, Mwanaamina, aliyekuwa amepakwa hina mikono yote na hawezi hata kushika kitasa, alikuwa anachungulia. Raudha alimwona kwenye upenyo wa mlango.

Na Raudha alijua ni jagi lake. Ni yeye ambaye hakulisuuza. Akapita katikati ya mikeka, akapiga magoti mbele ya yule bibi.

"Bibi, naomba uje uani," alisema. "Uone kinavyotengenezwa. Ukikuta kitu, begi nitawabebea mimi mpaka kwenye gari."

Mmoja wa wale wanawake akacheka, akasema huyu basi ndiye kaunta ndogo, ile kubwa iko nje. Wengine wakaguna. Bi Swaumu alimtazama Raudha kitambo. Kisha akanyoosha mkono ainuliwe.

Mzee Pazi alipowaona wanatokea uani hakujitetea. Alimwamkia mkwewe, akamvutia kiti, akasogeza vyombo vyote mbele yake. Bi Swaumu akamwambia atengeneze, yeye anatazama. Akalishika nanasi mwenyewe, akalinusa. Akalamba pesheni. Alitaka kuona nazi ikivunjwa na tui likikamuliwa kwenye kifumbu. Sukari guru ilipoanza kuungua alisogea, akasema nusu ya harufu ni hii hapa, je nusu nyingine iko wapi. Mzee alisogea kwenye chetezo. Alitia ubani kwenye makaa ya vifuu, akalichukua jagi tupu, akamwonyesha ndani yake kuwa ni tupu, akaligubika juu ya moshi.

Uso wa Bi Swaumu ukabadilika. Si ghafla, ulilegea kuanzia kwenye taya.

"Nani kakufundisha hivyo?" aliuliza.

"Mama," alijibu Mzee Pazi. "Alikuwa anafukiza mitungi ya maji ya kunywa. Kila Alhamisi."

Bi Swaumu akasema kwao ilikuwa Ijumaa asubuhi. Akasema mama yake alikuwa na mitungi mitatu, na ule mdogo ulikuwa wa wageni, na mtoto akikutwa ameutia kata anachapwa. Akasema kisha ikaja ndoo ya plastiki, likaja bomba, na hajui mitungi ile ilikwenda wapi, pengine ilivunjika, hata hakumbuki kuivunja. Alisema hayo yote akitazama moshi unaotoka pembeni mwa jagi. Wanawake walikuwa wamejazana mlangoni, shingo zimenyooka.

Mzee Pazi akageuza jagi, akamimina, akafunika, wakasubiri. Alipompa glasi alimpa kwa mikono miwili. Bi Swaumu akanusa kwanza, akasema bismillahi, akanywa funda moja, akameza. Akanywa la pili. Glasi haikurudi chini.

"Ndimu imezidi," alisema.

"Naipunguza, mkwe."

"Na barafu ya nini? Mtungi hauhitaji barafu." Kisha akawageukia wale waliojazana mlangoni, akawauliza mbona wameacha kuimba, au wanadhani begi litajifungua lenyewe.

Likafunguliwa. Kulikuwa na khanga jozi kumi na mbili na viatu vilivyomzidi Mwanaamina namba moja, na vigelegele vilifika ofisi za wilaya. Majagi matatu yaliisha. Yule jirani wa chumvi, ambaye sasa alitembelea mkongojo, alikunywa glasi mbili na akaomba ya kumpelekea mumewe.

Alasiri, wageni walipokwisha kupanda magari yao, Raudha na babu yake walikaa uani kuosha glasi, yeye anasugua, mzee anasuuza. Mikono ya Mzee Pazi ilikuwa inanukia ubani. Walikuwa wamebakiza glasi chache mzee aliposema kuwa kuna mtu aliwahi kumuuliza swali hapa hapa, akafinywa kwa ajili yake, na yeye hakulijibu kwa sababu wakati ule alikuwa hajalijua jibu.

"Ladha yake siijui, na nitakufa siijui," alisema. "Ila ile siku ya kwanza meneja aliponifungulia chupa ninuse, nilikuwa nimekwenda kumwambia kazi hii siiwezi. Mama alikuwa hajatimiza mwaka kaburini. Nikanusa, nikasikia mtu wa kwetu yumo ndani ya ile chupa, ananiita, na sikumjua ni nani. Nikamwambia meneja naanza lini. Miaka yote ile, mjukuu wangu, kila nikifungua chupa nilikuwa nauliza wewe ni nani. Umenijibu wewe juzi, ulipomimina nanasi kwenye jagi chafu."